Joho la Kuazima

Walikuja wazee watatu nyumbani kwangu, Jumapili moja baada ya ibada, wakiwa na barua iliyokwisha kupigwa chapa. Ilielekezwa kwa mtendaji wa kata, na kilichobaki kilikuwa saini yangu. Walinieleza kwamba mtu aliyepata kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, hata akistaafu na kubaki na mbuzi wake wanne hapa Bukene, jina lake bado lina uzito mbele ya ofisi. Barua ilitaka kijana mmoja mpiga picha, mwenye chumba karibu na stesheni ya reli, afungiwe kazi yake. Kosa lake ni kwamba huwavika watu mavazi yasiyo yao, akawapiga picha, kisha akawaachia picha hizo waende nazo majumbani.

Niliisoma mara mbili. Nikawaambia nitafikiri. Sasa nimekwisha kufikiri, na majibu yangu ni haya. Ni marefu kuliko walivyotaka, lakini wananijua tangu zamani kwamba mimi si mtu wa maneno machache.

Yafaa kwanza msomaji akijue chumba chenyewe. Upande mmoja imetundikwa shuka nyeupe. Upande wa pili kijana amechora mwenyewe, kwa rangi ya mafuta, ngazi ya ndege na mlango wake ukiwa wazi. Kwenye misumari kumeangikwa joho jeusi la mahafali alilolishona fundi cherehani wa sokoni, koti jeupe la daktari, koti la suti ambalo huwaenea wanene na wembamba kwa msaada wa vibanio vya nguo vinavyofungwa mgongoni, kanzu na kilemba, kofia ya stesheni masta (nimeijaribu, inanibana kidogo), na vazi la mtemi lenye kibangwa cha kuigiza kilichokatwa kutoka kwenye ndoo ya plastiki. Lilikuwapo na koti la jeshi. Hilo nilimwambia aliondoe, kwa kuwa sheria inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi, naye akaliondoa siku ile ile. Kamera yake ni simu, na ana mashine ndogo ya kuchapia. Mteja huchagua vazi, hukaa au husimama, huambiwa asicheke kama hana haja ya kucheka, hulipa, huenda zake.

Basi hiyo ndiyo jinai.

Hoja ya kwanza ya wazee wenzangu ni kwamba huku ni kughushi. Walinikumbusha mwaka 2017, Serikali ilipotangaza majina ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na jinsi watu walivyoondoka kazini. Wakasema: leo mama asiyekuwa na shahada anapiga picha na joho, kesho atadai mshahara wa mwenye shahada. La hasha! Mwenye cheti cha kughushi hukificha ndani ya faili na kuomba Mungu kisichunguzwe. Mwenye picha huitundika ukutani ili kila aingiaye aione, na kila aingiaye humjua yeye ni nani, amesoma mpaka wapi, na ana deni la nani dukani. Yule wa kwanza anataka kumdanganya mwajiri asiyemjua. Huyu wa pili anazungumza na watu wanaomjua, na kwanza kabisa anazungumza na nafsi yake. Mtu aliyefundisha miaka 35 anapashwa kuona tofauti ya mambo hayo mawili, na waliosoma kwangu wanapashwa kuiona vilevile.

Nakubali wapo wanaotumia picha kudanganya. Kijana aliyesimama kando ya gari la mtu, akaituma picha kwa binti wa Shinyanga na kumwambia gari ni lake, huyo ni mwongo, na mwongo huyo alikuwapo hata kabla ya simu. Alikuwa akiandika barua. Hatukupiga marufuku kalamu.

Hoja ya pili waliitoa kwa methali: nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hii naipenda, nimeitumia darasani mara nyingi, na nimeitumia vibaya. Nitaeleza.

Mwaka 1991, chuoni nilikokuwa mkuu, tulifanya ukaguzi wa mabweni. Chini ya godoro la mwanachuo mmoja wa kiume nilikuta picha aliyopigwa katika studio mjini. Amevaa suti na tai, saa mkononi, na ameshika mkono wa simu ya mezani sikioni, simu ambayo waya wake ulionekana wazi kwamba hauendi popote. Nyuma ya picha aliandika kwa mkono wake: Mimi mwanao, Mwalimu. Alikuwa mwaka wa kwanza. Hakuwa na suti, hakuwa na saa, wala hakuwa mwalimu. Nilimtoa mbele ya wenzake asubuhi mstarini, nikasoma maneno yale kwa sauti, wakacheka, nami nikaitaja methali hiyo hiyo, nikaichana picha vipande vinne. Alisema neno moja tu: kwamba nakala nyingine amekwisha kumpelekea mama yake. Nikamjibu kwamba pole kwa mama.

Mwaka 2014 nilikwenda kumzika. Alikuwa amekuwa mkuu wa shule ya msingi, mtu wa kuheshimika, mwenye suti zake mwenyewe na picha nyingi za suti hizo. Mbele ya jeneza iliwekwa ile ya simu isiyo na waya. Nilidhani ndugu wamekosea, nikamwuliza kaka yake taratibu. Mama mzazi, aliyekuwa ameketi mkekani karibu, akanijibu yeye. Alisema tangu siku picha hiyo ilipofika kijijini, majirani walianza kumwita Mama Mwalimu, mwaka mzima na zaidi kabla ya cheti, na kwamba mwanawe aliporudi likizo na kukuta mama yake anaitwa hivyo, alirudi chuoni kabla likizo haijaisha ili akasome. Mama yule hakujua mimi ndiye niliyeichana nakala ya pili. Sikumwambia. Nilikula ugali wa msiba nikaondoka.

Kwa hiyo wazee wenzangu wanaponiletea methali, waniwie radhi. Nguo ile ilimsitiri mwanachuo yule miaka 23, na ikamsitiri na mama yake.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonishangaza kuliko zote, kwamba mambo haya ni ya kigeni na hayakuwapo katika nchi yetu. Hayakuwapo? Katika Unyamwezi? Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikaja Tabora, tawi moja likaenda Ujiji na jingine likapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, ilikuwa njia ya bidhaa, na pia ilikuwa njia ya watu kujigeuza. Babu zetu waliondoka hapa wapagazi wenye pembe za ndovu mabegani. Wengine walirudi na kanzu, na kofia, na jina jipya, wakataka waitwe waungwana. Wenye kubaki nyumbani waliwacheka, kama sisi tunavyocheka leo, kisha watoto wa waliocheka wakashona kanzu. Mtemi tunayemtaja kwa fahari kuliko wote, Mirambo, hakuzaliwa Mirambo. Alizaliwa Mtyela Kasanda, na jina la vita alijivika. Tippu Tip naye nyumbani kwao ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Hata yule Mzungu aliyepita Tabora mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, Henry Morton Stanley, alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini, na jina la Stanley alilichukua kwa mfanyabiashara wa Marekani. Watu watatu wakubwa wa njia moja, na hakuna kati yao aliyekuwa akitumia jina alilozaliwa nalo.

Na hapa nataka kusimama kidogo, maana yuko wa nne ambaye vitabu vyetu vya shule vilimruka.

Niliwapeleka wanachuo Kwihara mara nyingi, kuitazama tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa. Nilieleza habari za Livingstone, nikaeleza habari za Stanley, tukala maandazi, tukarudi. Sikueleza habari za mtoto. Mwaka ule ule wa 1871, hapo Unyanyembe, Stanley alipewa na mfanyabiashara Mwarabu mtoto wa kiume, mtumwa, aliyeitwa Ndugu Mhali, jina ambalo Stanley aliandika kwamba maana yake ni mali ya ndugu. Halikumpendeza. Watu wa msafara wakapendekeza majina mengine, mtoto akaitwa Kalulu. Akachukuliwa mpaka Uingereza. Mwaka 1872, katika studio ya picha London, Stanley alivaa mavazi ya safari aliyosema ndiyo aliyokuwa nayo alipokutana na Livingstone, akasimama mbele ya mandhari ya kutengenezwa, na Kalulu akawekwa kando yake amevalishwa kama walivyotaka. Picha hizo ziliuzwa. Stanley alizidi kuwa Stanley. Mtoto yule alirudishwa Afrika katika safari nyingine, na mwaka 1877 akazama katika maporomoko ya mto Kongo. Maporomoko hayo Stanley aliyapa jina la Kalulu, lile jina ambalo mtoto hakulichagua.

Tazama basi. Ni chumba kimoja, kamera moja, siku moja, na wote wawili wamevaa mavazi ya maigizo. Mmoja amejivika, mwingine amevikwa. Ningependa wazee wenzangu wakae na jambo hilo kabla ya kuuliza kama vazi ni la kweli au la kuazima. Kwa Kalulu swali hilo halina maana yoyote. Swali lake ni nani aliyechagua.

Nasema hivi kwa sababu na sisi tulipata kuwachagulia watu. Mwaka 1968 nilikuwa na miaka 18, na Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969, nilishangilia kwa mikono miwili. Niliona ni ukombozi. Na katika miaka hiyo hiyo Wamasai walikuwa wakiambiwa waache mavazi yao wavae suruali. Binti wa mjini aliambiwa vazi lake ni geni mno, mzee wa Kimasai akaambiwa lake ni la kienyeji mno. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba aliyekuwa akisema ni yule yule katika pande zote mbili, na kwamba si binti wala mzee aliyeulizwa. Mwalimu Nyerere nilimheshimu na ninamheshimu. Katika hilo serikali yake ilikosea, na sisi vijana tulioshangilia tulikosea zaidi, maana hatukulazimishwa.

Kule Unguja mambo haya wanayajua vizuri kuliko sisi. Wakati wa utumwa, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa kama muungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, watu walioachwa huru walivaa nini? Wanaume walivaa kofia na kanzu, wanawake wakajitanda kanga na baadaye buibui. Hawakungoja kwanza waheshimiwe ndipo wavae. Walivaa, na heshima ikaja ikiwafuata nyuma, tena ikija shingo upande. Na picha zilikuwapo. Mji Mkongwe ulikuwa na studio za picha tangu karne ya 19, na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa mwaka 1930. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyejifundisha kazi mwenyewe, akikata picha za wateja na kuziunga mahali pengine ambapo mtu hakuwahi kufika. Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, miaka ya 1990 vibanda vya wapiga picha vilikuwa na mapazia ya meli na ndege, na wapagazi, mayaya na vijana waliotoka bara wakisimama mbele yake ili picha iende nyumbani. Na nje ya Afrika Mashariki, Bangui, mtoto wa miaka 13 aitwaye Samuel Fosso alifungua studio mwaka 1975. Mkanda ulipobaki na picha chache mwisho wa siku, alijivika na kujipiga mwenyewe, na picha nyingine akampelekea bibi yake Nigeria, ajue kwamba mjukuu aliyeponea vita vya Biafra yu hai na yu mzima. Leo picha za mtu huyo zinatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Mwaka 2008 alijivika kama Lumumba, kama Nkrumah, kama Angela Davis, na hakuna aliyesema anadai urais wa Ghana.

Sasa nirudi Bukene, maana barua ilitoka Bukene na hasira yake ni ya hapa hapa.

Kabla ya chumba cha kijana huyu, tulikuwa na picha za aina hii ndani ya nyumba zetu zote. Mmoja wa wale wazee watatu anayo kwake, namwomba asinune nikiisema: amesimama na baiskeli ya Raleigh ambayo haikuwa yake, kalamu tatu mfukoni, mwaka 1973. Mwingine ana picha ya marehemu baba yake na redio ya mpiga picha juu ya stuli. Niliingia katika nyumba hizo miaka 50 na sikuwahi kusikia neno kughushi. Neno hilo limezaliwa mwaka huu. Limezaliwa siku mama mmoja mjane, mwenye miaka sitini na ushee, alipovaa joho.

Mama huyo namjua tangu akiwa msichana. Alimaliza darasa la saba akiwa wa kwanza, na wiki ambayo majina ya waliochaguliwa yalitoka, ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuingia zizini kwa baba yake. Hakulalamika, wakati ule nani angemsikiliza? Amezaa, amelea, amelima mpunga, amezika mume. Siku alipokwenda kwa yule kijana alichagua joho bila kulifikiri mara mbili, akashika karatasi iliyoviringishwa na kufungwa utepe. Nilipokwenda kumjulia hali nikaiona, imetundikwa karibu na picha ya mumewe, ambaye amevaa suti ya studio. Akaniamkia, shikamoo Mwalimu, nikaitika, nikakaa. Nikamwuliza karatasi ile ina nini ndani. Akasema ni risiti ya mbolea. Tukacheka wote wawili mpaka mjukuu akaja kutazama kuna nini.

Shemeji zake walimtaka aishushe. Akawajibu kwamba ataishusha siku watakapoishusha na ya kaka yao, kwa kuwa suti ile nayo ilikuwa na vibanio mgongoni, yeye alikuwapo akavifunga.

Hapo ndipo wazee wenzangu wanapoona hatari, na mimi nakubaliana nao kwamba ipo. Kuna shamba. Ni shamba la mpunga la marehemu, na shemeji wanasema ni la ukoo. Baraza la kata lilipokaa kusuluhisha, mjumbe mmoja aliuliza kama ilivyo desturi ni nani atakayemsemea mama, na shemeji mkubwa akasimama. Nilikuwapo, nimekaa benchi la nyuma. Mama akasimama pia, akasema, Nitasema mwenyewe. Akaeleza mipaka, akaeleza mwaka uliosafishwa na nani alisafisha, akataja majina ya mashahidi wawili, akaomba kalamu atie saini maelezo yake, maana karani alikuwa amekwisha kumsogezea kidau cha wino wa dole gumba bila kumwuliza. Sidai kwamba picha ndiyo iliyomfanya asimame. Pengine angesimama tu. Lakini miaka ya nyuma nilimwona katika vikao vya aina hiyo, na alikuwa akikaa chini mkekani na kutazama mikono yake.

Shemeji mkubwa ndiye aliyeandika barua mliyoniletea. Hilo hamkunieleza ile Jumapili. Nimelijua kwa mwandiko wa masahihisho pembeni, maana mwandiko huo niliufundisha mimi.

Mnasema studio ifungwe ili kulinda ukweli. Basi tuuanze ukweli kwenye shamba. Mkitaka kuwavua watu majoho ya kuazima, tupite nyumba kwa nyumba, tushushe baiskeli, redio, suti na kalamu zote za mwaka 1973, tuanzie kwangu, kwa kuwa ninayo moja nimevaa miwani ya mwenzangu nikijifanya nasoma. Kama hilo hamlitaki, mwacheni kijana afanye kazi yake na mwacheni mama na risiti yake ya mbolea.

Barua nimewarudishia katika bahasha ile ile, bila saini. Shauri la shamba limekwisha kuahirishwa mara mbili. Mama ameniomba siku litakapotajwa tena nikae benchi la mbele.